Fizi za mama na mwizi anayepiga yowe

Mama yangu alikuwa akicheka kwa kanga. Kicheko kikimjia, ncha ya kanga ilitangulia mdomoni, sauti ikafuata nyuma. Sisi watoto wake tulidhani ni haya za utu uzima, maana mwanamke wa Tanga wa makamo yake haachami hovyo mbele za watu. Mpaka sikukuu moja ya Idi nilipomkuta jikoni peke yake, sahani ya pilau mapajani, anaichambua nyama kwa vidole nyuzi nyuzi kabla ya kuitia kinywani.

"Mama, nyama haikuiva?"

"Nyama imeiva, mwanangu. Kilicholegea si nyama."

Akalisukuma kwa ulimi jino moja la chini, la mbele. Likalala, likarudi, kama kigingi kilichopigwa kwenye mchanga. Fizi iliyolizunguka ilikuwa nyekundu, imetuna, na pale jino lilipoinama pakatoka damu kidogo na kitu cheupe kizito. Harufu niliisikia kabla sijainama.

Wakati ule nilikuwa nafanya kazi maabara: malaria, mkojo, choo, wingi wa damu. Vijidudu nilivijua kwa majina. Lakini nilichomwambia mama siku ile hakikuwa na elimu yoyote ndani yake. Nilimwambia, "Mama, wewe hupigi mswaki sawasawa." Baadaye ndipo nilipojua kwamba maneno hayohayo alishaambiwa mwaka uliotangulia kwenye zahanati moja, mbele ya wagonjwa wengine, akaandikiwa vidonge, asirudi tena. Sasa anayasikia kwa mtoto wake. Akavuta kanga, akaendelea kuchambua nyama. Kesho yake nikamletea miswaki miwili mipya na dawa ya meno kubwa, nikaona nimemaliza wajibu wangu.

Mama alikuwa akipiga mswaki asubuhi na usiku miaka yote. Mchana, baada ya chakula, alitumia mswaki wa mti. Hilo nilikuwa nalijua tangu utotoni, na bado nilimsema.

*

Miaka miwili baadaye nilipata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili Bergen, Norwei, mji ambao mvua yake hainyamazi. Nikapangiwa maabara ya vijidudu vya kinywa. Sikuichagua, ndiyo iliyokuwa na nafasi.

Kiumbe nilichokabidhiwa kinaitwa Porphyromonas gingivalis. Ni bakteria mfupi, mnene, hana mkia wa kuogelea, na hewa yenye oksijeni haimfai. Humkuzi juu ya meza kama wengine. Unaingiza mikono mpaka viwikoni ndani ya glavu ndefu zilizofungwa kwenye kabati la kioo lililojaa naitrojeni, haidrojeni na kaboni dioksidi, joto nyuzi 37, na kila unachokifanya humo unakifanya kama mtu anayefumua nywele akiwa amevaa mifuko ya plastiki vidoleni. Chakula chake ni agari, yaani jeli ya maabara, iliyotiwa damu, na juu ya damu hiyo unamwongezea hemini na vitamini K.

Siku za kwanza sahani inakaa kimya. Kisha vinatokeza vitone vidogo vya rangi ya maziwa yaliyochacha. Halafu rangi inageuka: hudhurungi, hudhurungi iliyoiva, na baada ya wiki moja na siku kadhaa vitone vyote ni vyeusi ti, vinang'aa kama mbegu za papai lililopasuliwa sasa hivi. Na harufu. Siku ya kwanza nilipofunua sahani iliyokomaa nje ya kabati nilisimama pale nimeishika, sikuweza kuendelea na kazi. Ilikuwa harufu ya jikoni kwetu siku ya Idi.

Mwalimu aliyenisimamia, mama mmoja mtaratibu asiyependa maneno mengi, akaniuliza kama najua ule weusi ni nini. Nikamjibu ni rangi ya bakteria mwenyewe.

"Si yake," akasema. "Ni damu."

Bakteria huyu anahitaji madini ya chuma, na chuma chake anakitoa kwenye hemu, kile kiini chekundu cha damu. Anapasua seli nyekundu, anachopoa hemu, na ile anayoibakiza anairundika juu ya ngozi yake ya nje. Lile rundo ndilo linaloonekana jeusi. Ni akiba ya chakula na ni ngao dhidi ya oksijeni. Sisi tukiona fizi inatoka damu tunasema ni dalili ya ugonjwa. Kwake yeye ni chakula kilichoandaliwa.

*

Nataka nieleze vizuri jinsi anavyokwepa kinga ya mwili, kwa sababu nimechoka kusoma kwamba bakteria wa fizi "hujificha". Huyu hajifichi. Anakaa nje ya mlango, mchana kweupe, kwenye ule ufa mwembamba kati ya jino na fizi ambao kwa mtu mzima mwenye afya una kina cha milimita 1 hadi 3. Damu iko jirani. Chembe nyeupe zinapita hapo saa zote, usiku na mchana. Hakuna mdomo wenye afya usio na chembe nyeupe kwenye ufa wa fizi. Kinachomwokoa ni alichovaa.

Juu ya ngozi yake zimeota nyuzi zinazoitwa fimbria. Zile ndefu zimejengwa kwa protini FimA, zile fupi kwa protini Mfa1. Kwa nyuzi hizo anashikilia jino, seli za fizi, na bakteria wengine waliomtangulia kukaa pale. Mtu angedhani kazi inaishia hapo, kama kamba ya kufungia ngalawa. Lakini nyuzi zile pia zinajua kubisha hodi. Makrofaji, yaani chembe mlinzi inayokula wavamizi, ina milango mingi kwenye ngozi yake, na kila mlango una adabu zake. Kuna mlango ambao mgeni akiingia anapokewa kwa moto. Kuna mwingine, unaitwa CR3, ambao mwili huutumia hata kuingiza mabaki ya seli zake zenyewe zilizokufa, na yanayoingia hapo huingizwa kimyakimya. Fimbria zinagusa mlango mwingine, kipokezi kiitwacho TLR2, na kwa mguso huo CR3 unafunguka. Bakteria anapita. Ndani hakuna vurugu, na ile ishara iitwayo IL-12, ambayo ingewaamsha walinzi wengine, inapungua.

Halafu kuna mikasi. Inaitwa jinjipeni, na ni vimeng'enya vitatu: RgpA, RgpB na Kgp. Protini ni mnyororo wa vijenzi vidogo; viwili vya kwanza huukata pale penye kijenzi kiitwacho arijinini, cha tatu hukata penye kile kiitwacho laisini. Jan Potempa wa Poland na James Travis wa Marekani ni miongoni mwa waliotumia miaka mingi kuvichambua. Bakteria anavitoa nje na vingi anavining'iniza juu ya ngozi yake, vimeshikizwa kwa sukari, kama mtu aliyejifunga visu kiunoni kote. Kingamwili ikija, inakatwa. Ishara za kemikali zinazotumwa na seli za fizi kuomba msaada, zinakatwa.

Na kuna komplementi. Hili neno lilinitesa muhula mzima, kwa hiyo nitalieleza nilivyolielewa mimi. Ndani ya damu yetu zinazunguka protini zaidi ya 30 ambazo, zikigusa mvamizi, zinaamshana moja baada ya nyingine. Moja, C3, ikikatwa, kipande chake kinamganda mvamizi kama alama ya chokaa: huyu aliwe. Nyingine, C5, ikikatwa inatoa vipande viwili. Kile kidogo, C5a, ni yowe. Kinakimbia kuita chembe nyeupe. Kile kikubwa, C5b, kinaanza kazi ya kumtoboa mvamizi matundu.

Mikasi ya jinjipeni inaharibu C3, kwa hiyo alama ya chokaa haishiki. Hilo linaeleweka, mwizi yeyote angefanya hivyo. Lakini C5 inaikata kwa namna ya ajabu: C5a inaachwa nzima, inafanya kazi, na lile lipande la kutoboa linasagwa. Yaani bakteria anapiga yowe mwenyewe.

Niliposoma hivyo mara ya kwanza nilirudi nyuma ukurasa mzima, nikidhani nimeruka mstari.

*

Jibu nilikutana nalo kwa mikono yangu, na nilidhani ni kosa.

Kila Jumanne mmoja wetu alijitolea damu, tukatenga neutrofili, zile chembe nyeupe zilizo nyingi kuliko zote na ambazo ndizo hukimbilia fizi kwanza. Seli hizi haziwekwi akiba. Ukizitoa asubuhi, jioni zimeshaanza kufa. Kwa hiyo siku ya neutrofili hakuna kukaa. Bakteria tuliwatia rangi inayong'aa kijani, tukawachanganya na seli pamoja na majimaji ya damu yenye komplementi, nusu saa kwenye joto, kisha hadubini. Upande mmoja niliweka bakteria wa kawaida. Upande wa pili niliweka ndugu yake aliyeondolewa jeni za jinjipeni, asiye na mikasi.

Kwa yule asiye na mikasi, neutrofili zilikuwa zimeshiba. Ndani ya kila moja ulihesabu vitone vya kijani vitano, sita, nane. Kwa yule wa kawaida niliona jambo ambalo sikulitegemea. Neutrofili zilikuwa zimekuja. Zimenyoosha miguu, zimetuna, zinamwaga kemikali zao. Tulipopima majimaji tulikuta ishara za uvimbe zimejaa tele. Na bakteria wa kijani wamekaa palepale kando yake, nje, wengine wameegemea kabisa ukingo wa seli. Hawaliwi. Askari wamefika, wamepandisha hasira, na mwizi amesimama katikati yao.

Nikaandika kwenye daftari: jaribio limeharibika. Nikarudia Jumanne iliyofuata kwa damu ya mtu mwingine. Ikawa vilevile. Mara ya tatu nilibadilisha rangi, nikabadilisha majimaji ya damu, nikahesabu seli mpaka macho yakauma. Vilevile. Nikaenda kwa mwalimu na daftari kama mtu anayekwenda kukiri kosa.

Akatazama picha. Akasema, "Hukuharibu kitu. Hivyo ndivyo anavyofanya."

Akanipa makala ya mwaka 2014 ya kundi la George Hajishengallis wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Bakteria huyu anagusa neutrofili sehemu mbili kwa wakati mmoja: C5a aliyoikata mwenyewe inabonyeza kipokezi chake, na ngozi yake inabonyeza TLR2. Kila kipokezi kikibonyezwa peke yake, hakuna tatizo. Vikibonyezwa pamoja, amri zinagongana. Protini iitwayo MyD88, ambayo ndiyo ingepitisha amri ya kuua, inawekewa alama na kuvunjwa ndani ya seli yenyewe. Njia nyingine inawashwa badala yake, nayo inazuia seli isiweze kujikunja na kumeza. Lakini njia hiyohiyo inaacha uvimbe uendelee. Hasira inabaki, mdomo umefungwa.

Wiki iliyofuata mwalimu akanipa kizuizi cha kipokezi cha C5a. Nikakitia kabla ya bakteria. Neutrofili zikala.

Nikiwa binti niliona jambo soko la Ngamiani, kwetu Tanga. Kijana alichomoa pochi ya mama mmoja, na kabla mwenye pochi hajashtuka, kijana yuleyule akanyoosha kidole mbele na kupiga kelele, "Mwizi! Mwizi huyo!" Soko zima likainuka. Meza za nyanya zikapinduliwa, watu wakakanyaga dagaa, mpita njia asiye na habari akapigwa mpaka akavuja damu. Kijana akaondoka akitembea taratibu. Nilikuwa na miaka kumi, na kilichonishangaza ni jinsi alivyoinama kuokota nyanya mbili njiani.

Hiyo ndiyo fizi ya mama. Kilichobomoa mfupa unaoshika meno yake kwa sehemu kubwa hakikuwa meno ya bakteria. Ni meza zilizopinduliwa na wanaomfukuza mwizi: vimeng'enya vya chembe zetu wenyewe, na zile seli za kula mfupa zinazoamshwa na uvimbe usiokoma. Na bakteria huyu halishwi na sukari kama wale wa kutoboa meno. Anakula vipande vya protini na damu, yaani nyanya zilizodondoka. Uvimbe ukipoa, anashikwa na njaa.

*

Hayuko peke yake. Mwaka 1998 Sigmund Socransky na wenzake wa Taasisi ya Forsyth, Boston, waliwapanga bakteria wa kinywa kwa makundi ya rangi kufuatana na nani hukaa na nani, na kundi jekundu, lile la kwenye mifuko yenye kina, yaani ule ufa wa fizi ukishazama chini kupita kiasi, likawa la watatu. Wa pili ni Treponema denticola, mwembamba, amejisokota kama chemchemi ya kitanda. Huyu juu ya ngozi ana protini ndogo, FhbB, inayokamata protini yetu iitwayo faktari H. Faktari H ndiyo inayoziambia komplementi, "Hii ni seli ya nyumbani, iacheni." Treponema anaivaa. Ameingia harusini kwa sare ya ukoo. Wa tatu, Tannerella forsythia, amejifunika shuka iliyofumwa kwa protini mbili, TfsA na TfsB, na juu ya shuka hiyo amepachika sukari ambayo mwisho wake unafanana na sukari iliyo kwenye seli zetu.

Watatu, mbinu tatu. Lakini aliye mhimili ni yule wa mikasi. Mwaka 2011 kundi hilohilo la Hajishengallis lilionyesha kwamba kwenye vinywa vya panya P. gingivalis akiwa chini ya asilimia 0.01 ya bakteria wote, bado jamii nzima ya bakteria inabadilika, inaongezeka, na mfupa unaliwa. Panya waliolelewa bila bakteria wengine hawakupoteza mfupa, hata wakiwa naye. Na panya wasio na kipokezi cha C5a hawakupoteza mfupa pia. Akiizuia kinga isiue, wanapona na majirani zake wote. Mwaka uliofuata Hajishengallis, Richard Darveau na Michael Curtis walimfananisha na lile jiwe la kati la tao: ni moja tu, lakini ndilo linaloshika mengine.

Usiku niliposoma hayo nilifikiria miswaki miwili niliyomwachia mama.

Na nikakutana na jambo la karibu na nyumbani zaidi. Mwaka 1988 Vibeke Baelum, Ole Fejerskov na Firoze Manji walichapisha uchunguzi wa watu 1,131 wa Machakos, Kenya, wa miaka 15 hadi 65. Ukoga na ugaga waliukuta karibu kwa kila mtu. Lakini mifuko yenye kina na mfupa ulioliwa sana havikugawanyika sawa. Vilirundikana kwa watu wachache. Kama uchafu peke yake ndio ungekuwa sababu, Machakos nzima ingekuwa mapengo. Kinachotofautisha ni mvutano kati ya wale bakteria na kinga ya mwenye kinywa, pamoja na tumbaku, kisukari, na damu aliyozaliwa nayo mtu. Usafi una kazi yake kubwa, nami nitausema mpaka nizeeke. Lakini ukimtazama mtu mwenye fizi zilizooza ukahitimisha kwamba ni mchafu, umemdhulumu.

Nilimpigia mama simu Jumapili. Nikamweleza habari za soko la Ngamiani. Alilikumbuka tukio lile, hata jina la mwenye pochi. Kisha nikamwambia, "Mama, niwie radhi. Nilikusema bure."

Akakaa kimya kidogo. Akasema, "Mimi nilidhani kinywa changu kimelaaniwa."

*

Alichokuwa akifanya miaka yote ile ni kumeza Flagyl. Fizi zikivimba, duka la dawa, vidonge vya siku tano, uvimbe unapungua, wiki mbili tatu, unarudi. Jirani akamwambia ni kiseyeye, ale malimau. Malimau yana faida zake, lakini kiseyeye cha kweli ni ukosefu wa vitamini C, na mama alikuwa na mwembe na mlimau uani.

Vidonge vinashindwa kwa sababu wale bakteria hawaelei ovyo. Wamejenga utando, wameshikana kwa zile fimbria, na utando umejikita juu ya ugaga mgumu uliogandia mizizi ya meno chini ya fizi. Dawa inawapunguza walio juu. Nyumba inabaki. Kinachofanya kazi ni kuibomoa nyumba: daktari anapiga ganzi, anakwangua ugaga wote chini ya fizi, mzizi mmoja mmoja, na mtu anaendelea kusafisha katikati ya meno kila siku nyumbani. Dawa za kumeza huongezwa kwa baadhi ya watu, juu ya kazi hiyo, kwa maelekezo ya daktari. Mswaki wa kawaida, hata upigwe vipi, hauufikii mfuko wa milimita 7.

Mama alikuwa na mifuko ya milimita 7 minne. Nilirudi nyumbani baada ya masomo nikampeleka mwenyewe kwa daktari wa kinywa na meno, kijana mwenye subira, aliyemwamkia shikamoo kabla ya kuvaa glavu na hakumuuliza hata mara moja kama anapiga mswaki. Alimuuliza kama anakojoa sana usiku. Mama akanitazama. Tukapimwa sukari siku ileile. Ilikuwa juu, na hakuna aliyekuwa akijua.

Nilijilaumu kwa hilo kuliko kwa miswaki. Fizi zilizoharibika na kisukari vinavutana pande zote mbili: sukari ikipanda, kinga inakuwa kali na butu kwa wakati mmoja; fizi zikivimba, sukari inakuwa ngumu kushuka. Fizi zikitibiwa, kipimo cha sukari cha miezi mitatu hushuka kwa wastani wa takriban asilimia 0.4. Si badala ya dawa ya kisukari, lakini mgonjwa yeyote angeipokea.

Lile jino la mbele halikuokoka. Mfupa ukishaliwa namna ile haurudi, na daktari alisema ukweli huo bila kuuzungusha. Mengine matatu yaliyokuwa yakicheza yalikaza baada ya miezi michache, kwa sababu fizi iliyokuwa imejaa maji ilikauka ikalishika jino.

Tangu hapo watu wananiletea ujumbe wa WhatsApp. Unaorudi zaidi ni ule unaosema bakteria wa fizi ndio wanaoleta ugonjwa wa Alzheimer, ule wa kusahau uzeeni, kwa hiyo sukutua kwa kitu fulani. Najua ulikotoka. Mwaka 2019 watafiti waliripoti kukuta jinjipeni kwenye ubongo wa marehemu waliokuwa na ugonjwa huo. Dawa ya kuzuia Kgp ikajaribiwa kwa wagonjwa 643, na mwaka 2021 matokeo yakatoka: haikufikia malengo yake makuu. Huwa nawajibu hivyohivyo, wengine hukasirika. Ninachokifuatilia kwa matumaini zaidi ni upande mwingine, wa kunyamazisha yowe. Dawa iitwayo AMY-101, inayozuia C3, inayoitangulia C5 kwenye ule msururu wa kuamshana, ilidungwa kwenye fizi za watu katika jaribio la watu 32 wenye fizi zilizovimba, na uvimbe ukapungua. Ni jaribio dogo, ni mapema. Lakini wazo lake nalifahamu kutoka kwenye ile hadubini ya Jumanne.

*

Mwezi uliopita nilimsindikiza mama kwenye kipimo chake cha kila miezi mitatu. Daktari anatumia kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita, anakizamisha taratibu kando ya kila jino sehemu sita, anataja namba, na msaidizi anaandika. Nilikaa kwenye benchi nikisikiliza.

"Tatu. Mbili. Tatu. Tatu. Mbili. Tatu."

Hapakuwa na damu kwenye pamba. Akahamia upande wa kushoto, magego ya nyuma.

"Tatu. Tatu. Nne."

Nikaona kidole cha mama kikiinuka kutoka kwenye mkono wa kiti. Daktari akasimama, akamwuliza kama ameumia. Mama akatikisa kichwa. Alikuwa akihesabu.

Jioni nilimkuta uani, kioo cha mkono kwenye mwanga wa mwisho, kile kibrashi kidogo cha katikati ya meno mkono wa pili. Jirani yake, yule wa malimau, amekaa naye kwenye mkeka. Mama aliufungua mdomo wote, akavuta shavu kwa kidole, akaonyesha.

"Hapa, shoga," akasema, maneno yakitoka nusunusu. "Hapa penye nne ndipo alipobaki yule mpiga yowe."